Mkasi wa Meno

Daktari wa wanyama alifungua kopo la plastiki, akalitoa sikio la paka kwa koleo ndogo na kuliweka juu ya karatasi nyeupe mezani kwa msimamizi. Lilikuwa sikio la kushoto, la kijivu, na ncha yake haikuwepo. Msimamizi alirudisha kiti nyuma kidogo. Mlinzi, aliyekuwa amesimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae, alilitupia jicho akaona ni sikio kama mengine anayoyaona kila siku kazini. Alisema huyo ni wa kuachiwa, ameshakatwa.

"Huyu aligongwa na gari la maji kwenye njia ya bwawani," daktari alisema. "Nimempasua. Ana watoto tumboni."

Pale hifadhini kila mfanyakazi alijua maana ya sikio. Kandokando ya bwawa, juu ya changarawe tupu, walitaga vitwitwi wadogo wa kifua cheusi, ndege ambao wataalamu walisema hawana kwao kwingine duniani. Kitwitwi hajengi kiota. Anataga chini, kama mtu aliyedondosha vitu akaghairi kuviokota, na paka anayekatiza hapo anakula asichokitafuta. Hapo nyuma hifadhi iliwahi kuleta madaktari wakawafunga uzazi paka wengi wa nyumba za wafanyakazi, wakawakata ncha ya sikio la kushoto ili watambulike, kisha wakawaachia wazeeke na kuisha wenyewe. Fungu la zoezi lile lilipokauka, ikabaki amri moja: paka akinaswa na sikio lake limekatwa, aachiwe upande wa nyumba, akiwa na sikio zima, apelekwe kwa daktari na asirudi. Kutega mitego na kutazama masikio ndiyo ilikuwa kazi ya Mlinzi.

Daktari, binti mpole aliyeajiriwa msimu uliopita, alimwomba asogee atazame ukingo. Yeye na wenzake, alieleza, hukata mara moja, mstari mnyoofu, mnyama akiwa amelala kwa dawa. Ukingo wa sikio hili ulikuwa na meno meno, unapanda na kushuka. Hakujua ni chombo gani kinakata hivyo.

Mlinzi alijua. Alijua kabla hajamaliza kuinama, kwa sababu suruali yake ya kazi, aliyokuwa ameivaa pale pale, ilikuwa imekatwa hivyo hivyo kwa ndani kwenye mishono yote. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na mkasi wake wa meno, ule wa kukatia kingo ili kitambaa kisichomoke nyuzi, ulikuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao cha mbele. Alisema hajui.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeulizwa maswali na wakubwa wake na kukosa majibu. Vifaranga vilikuwa vinapungua kila msimu, mitego ilikuwa inalipiwa, na sasa kumbe kuna mtu anawapa paka alama ya uongo wapite. Akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani anayefaidika alama hiyo ikiwepo, kama si yule anayetazama masikio. Mjini kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga kelele kwamba hifadhi inaua paka. Huenda wamemwona mtu na bahasha. Huenda mtu huyo amekubali kuonwa.

"Sisemi ni wewe," alisema. "Nasema Ijumaa uje na huyo mtu. Usipokuja naye, nafasi yako nampa mwingine, na nyumba inakwenda na nafasi."

Kisha akanyoosha mkono, na Mlinzi akamkabidhi funguo za mitego na redio ya upepo. Mpaka Ijumaa angekaa getini, kazi yake kuinua na kushusha ule mti wa kuzuia magari.

Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa ya kazi: vyumba viwili na jiko la uani, mstari mmoja na nyumba za madereva na wapishi. Chumba cha mbele kilijaa cherehani, vitambaa vya wateja na kapu la vipande. Cha nyuma walilala Mlinzi na mkewe, na mama yake Mlinzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alitandika kwenye kochi la chumba cha mbele wateja walipoondoka. Mtu akipoteza nyumba kama ile hapotezi paa tu. Fundi angepoteza wateja, na mama mzee angebebwa na godoro lake hadharani, majirani wakijifanya hawaoni.

Mlinzi alipoingia hakusalimu. Aliutungua mkasi msumarini, akaupeleka dirishani. Kwenye skrubu inayoshika mapanga mawili kulikuwa na nywele za kijivu zimenasa.

Fundi aliuliza kulikoni, na mume akamweleza yote kwa mkupuo, kisha akamuuliza kama ni yeye. Hilo lilikuwa kosa. Mwanamke alikuwa na sare za shule za watu zimemkalia kooni, na sasa mumewe amesimama juu yake na mkasi mkononi kama polisi. Alimwambia kwamba yeye paka hawapendi, hajawahi kuwapenda, wanamjazia manyoya kwenye nguo za wateja, na kama angewakata kitu angewakata miguu wasiingie ndani. Akauchukua mkasi, akajaribu kukata kipande cha pamba. Kitambaa kilitafunika badala ya kukatika.

"Wiki zote hizi nasema mkasi umekufa," alisema polepole. "Nikadhani ni jeans."

Wote wawili wakageuza shingo kuelekea uani, ambako Bibi alikuwa akigonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Ko, ko, ko. Ndivyo alivyowaita. Paka walitokea chini ya magari, juu ya kuta, ndani ya mtaro, wakamzunguka miguuni kimya, nao hawakuwa paka wa kushikwa na mtu mwingine yeyote. Mbele kabisa alikuwa jike jeupe ambaye Bibi alimwita Bi Harusi kwa sababu ya weupe wake na kwa sababu alikuwa anapenda kutangulia. Mikono ya Bibi ilikuwa na mikwaruzo tangu viganjani hadi viwiko. Alipoulizwa alisema ni seng'enge, na kwa kuwa ni mkubwa, aliaminiwa.

Sasa wakabaki wanatazamana. Nani amuulize? Mlinzi alisema mkwe na mama mkwe wanaongea jikoni mchana kutwa, mambo kama hayo hutokea yenyewe kwenye mazungumzo. Fundi alisema mama ni wa kwake yeye, mtoto wa kumzaa ndiye wa kumuuliza. Yeye mkwe akamwambie mama wa watu kwamba ni mdanganyifu, halafu aendelee kumpakulia chakula? Walibishana kwa minong'ono mpaka sufuria ya uani ikaacha kugongwa, nao wakaacha.

Maana ubaya ulikuwa hapo: waliamini amefanya makusudi. Bibi hakuwa amependa kazi ya mwanawe tangu mwanzo. Siku za kwanza, alipouliza paka wanaokamatwa wanakwenda wapi, Mlinzi alimjibu kwamba wanalazwa kwa daktari. Bibi akasikitika, akauliza wanaumwa nini, na kila mara mwanawe aliporudi kazini alimuuliza kama wale wagonjwa wamesharuhusiwa. Mlinzi alikuwa akijibu bado. Mpaka mke wa mpishi, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akacheka na kumwambia kwamba huko hakuna anayeruhusiwa, na kwamba mwanawe mtaani anaitwa Mtoa Roho. Bibi alirudi ndani. Hakumuuliza tena mwanawe habari za wagonjwa, naye Mlinzi alishukuru kutoulizwa.

Jioni ile, wakati wa kula, Mlinzi alijitahidi. Alisema kuna watu wanachukua vyombo vya kazi vya wenzao bila kujua thamani yake. Alisema kuna mambo mtu anaweza kuyafanya kwa huruma, yakamharibia mwingine. Bibi alikubaliana naye, akasema watu wa siku hizi hawana simile, akamwongezea mchuzi. Fundi aliinamia sahani yake. Mlinzi alikula bila kuhisi ladha, akijua kwamba ameshasema yote na hajasema kitu.

Getini aliona dunia kwa upande wa pili. Madereva waliokuwa wakimwomba awapandishe bwawani kuona ndege sasa walipiga honi mara mbili asipoinua mti upesi. Mpishi alipita na baiskeli akauliza kama Mtoa Roho amepandishwa cheo kuwa bawabu wa peponi. Watu wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao kwa sababu asiyecheka huchekwa zaidi. Aliyepewa mitego alikuwa mtunza bustani, ambaye hakujua hata upande wa kuweka chambo.

Kilichomuuma zaidi alikuwa hawezi kumwambia mtu. Alikuwa anawapenda wale ndege. Aliwahi kumwona kitwitwi jike akimkimbilia paka, akajiburuza mbele yake na bawa moja chini kama limevunjika, akilia, ili paka amfuate yeye aache makinda. Paka alimtazama, akampita, akaenda moja kwa moja penye makinda. Na paka yule, sasa alikumbuka, aliponaswa kesho yake alikuwa na sikio lililokatwa. Mlinzi mwenyewe alimfungulia mlango wa mtego akamwambia nenda zako. Ni mara ngapi alifanya hivyo bila kutazama ukingo? Alikuwa na hofu ya kupoteza kazi, lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, kwamba pengine kazi yenyewe hakuwa ameifanya.

Alhamisi Fundi alitembea mpaka getini kumletea chakula, kitu ambacho hakuwa na muda nacho siku za kawaida. Alikuwa ameamua atasema ni yeye. Mkasi ni wake, nywele zipo, yeye si mwajiriwa wa mtu, watamfanya nini? Mlinzi alimwambia watasema mke amefanya kwa kutumwa na mume. Fundi akauliza, basi waseme nini? Gari likapiga honi, na mume akainuka kwenda kuinua mti. Aliporudi mkewe alikuwa analia kwa hasira, anajifuta kwa kona ya kitambaa alichofungia sahani.

Hakuna kati yao aliyejua kwamba mke wa mpishi alikuwa ameshamwambia Bibi habari za sikio na za Ijumaa. Hakumwambia kwa ubaya. Alitaka tu kujua kama ni kweli wanahama, kwa sababu shemeji yake alikuwa anatafuta nyumba.

Ijumaa asubuhi Mlinzi alipoitwa ofisini alimkuta mama yake ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile ambacho yeye hakuwahi kuambiwa akalie, amevaa nguo yake ya kutokea, na mapajani ameshika kifurushi cha kitambaa. Daktari alikuwa amesimama dirishani. Bibi alisubiri mwanawe aingie, kisha akafungua kifurushi na kuuweka mkasi wa meno mezani.

"Nimesikia mnautafuta," alisema. "Mwenye mkasi hana habari, na huyu hana habari. Ni mimi."

Msimamizi alimuuliza nani amemtuma kuja kusema hivyo. Bibi alijibu kwamba hakutumwa. Waliokuwa wamtume waliogopa hata kumuuliza. Msimamizi akatabasamu kidogo, akajizuia, akasema kwamba yeye ni mtu mzima, anamheshimu, lakini alilofanya ni udanganyifu na limeligharimu taifa ndege.

Bibi alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha nyingine.

"Nimemdanganya nani, baba? Nimewakata ili wasizae. Si ndivyo mnavyofanya nyie?"

Karani wa nje, aliyekuwa anapiga mhuri makaratasi, aliacha kupiga.

"Mama," daktari alisema taratibu, "nani alikuambia ukikata sikio paka hazai?"

Bibi aligeuza uso akamtazama mwanawe, na katika uso huo hakukuwa na lawama, kulikuwa na kuomba msaada tu.

Na Mlinzi akakumbuka. Ilikuwa chakula cha mchana, muda si mrefu baada ya yale ya wagonjwa. Alitaka kumfurahisha mama yake, akamwambia wapo paka wasioguswa, wale waliokwisha kukatwa. Wakishakatwa wanatulia, hawaleti watoto tena, wanaachiwa. Mama yake akauliza wamekatwa nini. Tonge lilikuwa mkononi, mama yake amekaa mbele yake, mkewe anapita na maji. Angesemaje? Mambo ya kizazi na ya kende, kwa mama aliyemzaa? Aligusa sikio lake mwenyewe kwa kidole, akasema, "Sikio, mama." Halafu akabadili mazungumzo.

Msimamizi alimuuliza kama ni kweli alisema hivyo. Mlinzi akasema ni kweli. Aliulizwa kwa nini, yeye anayejua kazi. Akasema, "Ni mama yangu, bosi. Ningemwambiaje?" Karani alicheka kwanza, kisha msimamizi akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akatoa leso. Mlinzi alitamani ardhi ipasuke. Waliokuwa hawacheki ni daktari na Bibi, aliyekuwa akimtazama kila mmoja kwa zamu akitafuta kilichochekesha.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye. Alimweleza yote, kama binti anavyomweleza mzazi hospitalini, bila kuzunguka: jike hufunguliwa tumbo likatolewa nini, dume hukatwa wapi, na kwamba sikio hukatwa mwishoni ili mtu akimwona kwa mbali ajue huyu tayari. Mlinzi alitazama sakafu. Bibi aliitikia kwa kichwa, akauliza swali moja na jingine, hakuonekana kuona haya hata kidogo.

"Basi sikio ni kama mhuri tu."

"Ni mhuri tu, mama."

"Na barua yenyewe haijaandikwa."

"Haijaandikwa."

Bibi aliitandaza mikono yake yenye mikwaruzo juu ya magoti, akaitazama. Alisema kuna mmoja aliyezaa baada ya kukatwa, Bi Harusi, lakini yeye akajiambia mimba ilikuwepo tangu kabla. Alisema alikuwa akiwafunga kwenye taulo, wakilia, naye akiwaambia nyamazeni, ni kwa faida yenu, mtaishi, na mwanangu hatawaua, na ndege wake watapona.

"Kumbe nimewaumiza bure," alisema.

Hapo kicheko cha msimamizi kilikwisha. Alizungushazungusha mkasi mezani, akatoa uamuzi wake akitazama mkasi. Mlinzi arudi kwenye mitego, lakini kwa sharti: kabla makinda hayajaanza kutoka mayaini, kila paka mwenye meno sikioni awe ameondoka. Wote. Asiposhindwa, nyumba abaki nayo. Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba afadhali ukingo una meno, angalau watajulikana. Alitaka kufariji. Bibi alilisikia neno hilo, akafunga macho kidogo, kwa sababu alielewa upesi kuliko wote kwamba alama aliyowapa waishi sasa ndiyo itakayowachongea.

Kwa siku kadhaa mitego haikunasa kitu. Paka wale walikuwa wameshaujua mlango wa waya na sauti yake, na hakuna chambo kilichowadanganya wakati uani kwa Bibi chakula kipo. Mlinzi aliamka mapema, akazunguka bwawa, akahesabu mayai kwa macho akiogopa kuyakuta yamepasuka, kwa uzuri au kwa ubaya. Fundi alimwambia jambo lililokuwa wazi: wanakuja kwa mfuniko tu. Amwombe. Mlinzi alisema ataomba. Alikwenda uani akakuta mama yake anachambua mboga, akamuuliza kama amelala vizuri, akarudi ndani.

Asubuhi moja alikuta vizimba vyake vya kutegea havipo alipoviacha. Vilikuwa uani, vimepangwa ukutani, milango wazi, na ndani ya kila kimoja kumetandikwa kipande cha kitambaa kutoka kapu la Fundi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mfuniko mapajani.

"Nilikuwa nakungoja uniombe," alisema. "Naona nitazeeka."

Mlinzi alichuchumaa karibu naye. Alianza kusema samahani, lakini mama yake alimkatiza kwa kumgusa bega. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Siku nyingine nivunjie heshima, mwanangu. Lakini niambie."

Kisha akagonga. Ko, ko, ko. Kwanza hapakuwa na kitu, kisha ukuta ukapata masikio. Walikuja kama siku zote, wa kijivu, wa madoa, mweusi mwenye jicho moja, na kila sikio la kushoto lilikuwa na ukingo wa nguo ya mtu. Fundi alisimama kwenye mlango wa jiko. Watoto wa Bi Harusi walikuwa ndani, kwenye kapu la vipande. Daktari alikuwa amekubali wabaki mpaka wakue, awafanyie yeye mwenyewe kile kinachofanywa. Bi Harusi alitangulia mbele ya wenzake, akajisugua kwenye mguu wa Bibi. Bibi alimnyanyua, akamshika kifuani, kidole gumba chake kikapita juu ya lile sikio mara moja, kwenda na kurudi.

"Huyu naye atalazwa?" aliuliza.

Mlinzi alifungua mdomo. Neno la zamani lilikuwepo, jepesi, tayari ulimini. Alimtazama mama yake usoni.

"Atauawa, mama."

"Haya," Bibi alisema. Akamwingiza Bi Harusi kizimbani kwa mikono yake, akafunga mlango polepole usipige kelele, akarudi kwenye kigoda na kuuokota mfuniko, kwa kuwa wengine walikuwa bado wanakuja.